Mali Iliyokamatwa Forodhani na Haki ya Mwenyewe Kusikilizwa

Mfanyabiashara akikamatiwa shehena kwa tuhuma ya magendo, mara nyingi jambo la kwanza analolifanya ni kumtafuta mtu anayefahamiana na ofisa wa forodha. Siku zinapita akiahidiwa kesho na keshokutwa, na mkononi hana hata karatasi moja. Tumewaona watu wakipoteza mali kwa njia hiyo, na si wote waliokuwa wakwepa ushuru.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inamtaka ofisa aliyekamata mali ampe mwenyewe taarifa ya maandishi, pamoja na sababu, ndani ya mwezi mmoja. Lakini iwapo mwenyewe alikuwapo mali ilipokamatwa, ofisa halazimiki kumpelekea taarifa hiyo, na muda unahesabiwa tangu siku ile ile. Ndani ya mwezi huo mwenye mali hana budi kumwandikia Kamishna kwamba anaidai mali yake. Asipofanya hivyo, sheria huihesabu kuwa imekwisha kutaifishwa, pasina hakimu kusikia neno lake hata moja.

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Haki hiyo ina thamani gani kwa mama muuza vitenge asiyejua kuwa kimya chake kinahesabiwa dhidi yake? Kwa maoni yetu, ofisa anayechukua mzigo mbele ya mwenyewe angepaswa kumkabidhi papo hapo karatasi ya Kiswahili chepesi inayomweleza muda alionao.

Dai likishapokelewa, na pasipokuwa na kesi ya jinai, Kamishna ana miezi miwili: ama afungue shauri mwenyewe, ama amtake mdai kwa maandishi alifungue. Asipofanya lolote kati ya hayo, mali hurudishwa. (Kumbe kimya humgharimu mkubwa pia!) Mdai akitakiwa kufungua shauri, naye ana miezi miwili.

Huko mahakamani, jukumu la kuthibitisha kwamba ushuru ulilipwa ni la mwenye mali, si la serikali. Basi ndugu zetu wanaosafirisha bidhaa waweke nakala za risiti na hati za forodha nyumbani, kwani karatasi zilizomo ndani ya gari huondoka pamoja na gari.