Tusiwaue vibarua walio ndani ya udongo

TAREHE 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ililipuka na mto wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ikalipuka tena. Sisi wa Rubona tunaovuka mpaka kwenda kuuza tumeyaona hayo mawe meusi. Yalipopoa hayakuwa na hata chembe ya udongo.

Lakini tazama mawe ya 2002 mahali pasipojengwa: yameota madoa ya kijivu na majani madogo. Miongoni mwa waliotangulia ni bakteria, viumbe tusioweza kuwaona kwa macho. Hata katika jangwa la Atacama, nchini Chile, ambako mvua ni nadra mno, wanasayansi wamekuta bakteria hai udongoni.

Mfanyabiashara atauliza, yananihusu nini? Yanakuhusu sana. Hewa ina naitrojeni asilimia 78, ila mmea hauwezi kuila hivi hivi. Kwenye mizizi ya maharagwe na soya kuna vinundu, na ndani yake wamo bakteria wanaoikamata naitrojeni hiyo na kuulisha mmea. Ni vibarua wasiodai ujira wa fedha. Chomoa mche unapochanua, upasue kinundu. Ukikuta wekundu ndani, kazi inafanyika.

Wengi wetu tuliorudi baada ya 1994 tulikuta milima imekwisha gawanywa vipande vidogo. Nafasi ya kupumzisha shamba haipo. Kwa hiyo tunawahitaji vibarua hawa kuliko babu zetu walivyowahitaji.

Maharagwe mara nyingi huwakuta bakteria wake shambani. Soya ni mgeni kutoka Asia, na mara nyingi lazima mbegu yake ipakwe bakteria siku ya kupanda. Hapa Rwanda bakteria hao hutayarishwa Rubona. Si hii yetu ya ziwani, bali ile ya Huye, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kenya nayo ina bakteria waliotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Hapo ndipo lilipo neno langu kwa wenzangu wa biashara. Pakiti hiyo si sabuni wala kitenge. Ni bidhaa yenye uhai, kama maziwa. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja iliyokuwa imeanikwa juani mbele ya duka. Soya yangu ikatoka ya njano, na jirani yangu akaapa kwamba habari za bakteria ni uongo wa wasomi. Hazikuwa uongo. Tulipanda maiti.

Kwa hiyo nashauri: muuzaji aiweke pakiti penye ubaridi na kivuli, na asiuze iliyopita tarehe. Mnunuzi asome tarehe hiyo kabla ya kulipa, na asichanganye mbegu iliyopakwa na mbolea ya dukani. Maafisa kilimo wa sekta nao watufundishe sokoni, siku ya soko, maana huko ndiko tuliko. Na tuache kuchoma mabaki ya mazao. Tuyarudishe shambani pamoja na samadi.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Udongo nao ni mali. Ukifa, hakuna gunia la kuvusha mpaka.