Mastaa wa Kilomita za Picha, Mnawaumiza Watoto wa Misungwi!

Tangu Daraja la J.P. Magufuli, lile la Kigongo–Busisi, lifunguliwe tarehe 19 Juni 2025, upande wa Misungwi umepata uwanja mpya wa kupigia picha. Mastaa wa mjini wanashuka kwenye gari na raba zisizo hata na vumbi, wanajirekodi sekunde 15 ziwa likiwa nyuma yao, halafu wanaposti: "Kilomita 10 asubuhi, nyie bado mmelala?" Video ikishapanda, gari linawashwa.

Wapige picha zao, hakuna anayekataa. Shida inaanza pale wanapojigeuza makocha. Yupo yule (wanaomfuatilia wanamjua) ambaye kila wiki anawaambia watu kuwa kutembea katikati ya mbio ni uvivu. Mwingine anauza "programu" ya wiki 2, lipa kwa simu, kwa watu wanaohema wakipanda ngazi.

Anayeumia ni binti wa Usagara aliyenunua bando akaona hiyo video. Jumatatu anatoka mbio kama anakimbizwa na nyuki. Dakika 3 tu, ubavu unachoma. Anajilazimisha, maana kutembea ni uvivu. Jumatano ugoko unauma, Ijumaa hatoki, na majirani wanamuuliza kwa kicheko, "Kwani ulikuwa unakimbizwa na nani?" Anaamini mwili wake haukuumbwa kwa mbio. Uongo mtupu! Kasi ndiyo iliyokuwa mbaya, mwili hauna kosa.

Ukweli hauna mvuto wa kuposti. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitunga ratiba ya wiki 9 kwa watu ambao hawajawahi kukimbia. Wiki ya kwanza unatembea haraka dakika 5, kisha unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyohivyo kwa dakika 20. Siku 3 kwa wiki, basi. Huo "uvivu" umewafikisha watu wengi sana duniani kwenye kilomita 5. Sababu yake ni rahisi: moyo na pumzi huzoea mapema, lakini mifupa na kano zinachelewa. Ndiyo maana wiki ya pili au ya tatu mtu anajiona fiti, anaongeza mwendo kwa pupa, na hapo ndipo mguu unamsaliti.

Na hili wala halihitaji Mmarekani. Nani aliyesoma shule ya msingi Tanzania hajui mchakamchaka? Watoto wanakimbia huku wanaimba, na anayeongoza wimbo hakati pumzi. Hiyo ndiyo kasi ya mtu anayeanza. Kama huwezi kuimba, au angalau kupiga umbea na shoga yako mkiwa mnakimbia, umezidisha. Punguza. Ukishindwa kabisa, tembea mpaka pumzi irudi, kisha endelea. Usukumani watu wanatembea kilomita kibao kwenda gulioni na kurudi, hakuna anayewaita wavivu. Iweje ukivaa trakisuti kutembea kuwe aibu?

Watetezi wao watasema, "Angalau wanahamasisha." Sawa, wanawatoa watu kitandani. Lakini hamasa inayomrudisha mtu kitandani na barafu kwenye goti baada ya siku 5 inamsaidia nani, zaidi ya mwenye akaunti? Indonesia mwaka 2024 ilizuka biashara ya kumlipa mtu akukimbilie kwa akaunti yako ya Strava ili namba zisomeke vizuri. Huko ndiko mashindano ya kujionyesha yanakoelekea.

Wanaotaka mfano wamtazame Alphonce Simbu. Rio 2016 alikuwa wa 5, London 2017 akachukua shaba. Dhahabu ya dunia ilikuja Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, na Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata alipewa muda huohuo. Kilichowatenganisha ni sekunde 0.03. Kati ya shaba na dhahabu ilipita miaka 8. Miaka, jamani, siyo wiki 2 za kulipia kwa simu.

Daraja lenyewe lina urefu wa takriban kilomita 3. Kwa anayeanza leo, kulivuka kwa kukimbia kidogo na kutembea kidogo ni kazi inayotosha. Toka alfajiri kabla jua la ziwani halijawa kali, nendeni wawili, kaeni njia ya waenda kwa miguu maana malori hayana utani. Mkifika Busisi mkiwa bado mnapiga stori, mmepatia. Simu ibaki mfukoni.