Adui Aliyejificha Ndani ya Maji

Muulize mwanao vitani watu huuawa na nini. Bila shaka atakujibu: risasi! Jumapili hii nataka tuzungumzie vita ambavyo maradhi yaliua wanajeshi wengi kuliko risasi.

Ni vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, vilivyoanza Oktoba 1899 na kumalizika Mei 1902. Uingereza ilizitaka jamhuri mbili za Makaburu, Transvaal yenye dhahabu na Orange Free State. Makoloni yake yakatoa wana wao. Kutoka Australia walikwenda wanaume wapatao 16,000, wengi wakiwa vijana wa mashambani waliozoea kupanda farasi. Wauguzi wa kike wapatao 60 nao wakavuka bahari.

Machi 1900 Waingereza waliuteka mji wa Bloemfontein. Furaha yao haikudumu. Mwezi huo huo ukiisha, Makaburu waliteka mitambo iliyopeleka maji mjini. Maelfu ya askari wenye kiu wakageukia visima vichafu. Homa ya matumbo ikaingia, hospitali zikafurika, na makaburi yakaongezeka kila siku. Chanjo ilikuwapo, lakini haikuwa ya lazima, na ni wachache tu waliokubali kuchanjwa.

Dawa ya kuua viini vya homa hiyo ilikuwa bado haijapatikana. Muuguzi alikuwa na maji safi, kitambaa cha kupoza mwili, maziwa ya kumnywesha mgonjwa, na subira.

Mmoja wao alikuwa Frances Hines kutoka Victoria. Katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, aliachiwa hospitali ndogo peke yake, pengine akiwa na wagonjwa 26 kwa wakati mmoja, chakula chenyewe haba. Mwili ulichoka, nimonia ikamwingia, akafariki Agosti 1900. Alizikwa Bulawayo kwa heshima za kijeshi, muuguzi wa kwanza wa Australia kufia kazini vitani.

Waaustralia wapatao 600 hawakurudi nyumbani. Karibu nusu yao waliuawa na maradhi.

Lakini tusiwafanye wote malaika. Askari wa Uingereza, Waaustralia wakiwamo, walichoma mashamba ya Makaburu, na wenyeji wakafungiwa kambini. Humo walikufa Makaburu zaidi ya 26,000 na Waafrika wasiopungua 14,000, wengi wao watoto. Hao pia waliuawa na surua, homa ya matumbo na uchafu. Maradhi hayakuuliza nani kaburu, nani mwafrika, nani mwenye haki.

Wewe mwanafunzi, je, wajua kwamba nishani ya Victoria Cross ya kwanza kutunukiwa Mwaustralia katika vita hivyo ilikwenda kwa daktari? Neville Howse aliendesha farasi katikati ya risasi, Julai 1900, akamwokoa majeruhi. Kuokoa nako ni ushujaa.

Nawe mzazi, mfereji ukikauka mtaani na mtoto akarudi na mtungi wa maji kutoka kwa muuzaji wa mkokoteni, kumbuka Bloemfontein. Yachemshe kwanza. Na siku ya chanjo ikitangazwa, usijifiche. Kinga ni bora kuliko tiba.

Hadi Jumapili ijayo, nawatakia afya njema.