MAMBO YA NYUMBANI: Chakula cha Hoteli Kilicholipwa Mbele, Faida au Khasara?



Ndugu yetu mmoja wa Nairobi ametuletea barua, na twaona jawabu yake ni ya nyumba nyingi, khasa miezi hii ambayo watoto wakaribia kufunga skuli. Ametuarifu kwamba kwa miaka miwili ameweka akiba kidogo kidogo, hata akapata shilingi 110,000 za kuwapeleka jamaa zake Diani kwa siku tano: yeye, bibi yake, na watoto watatu, wa miaka 14, 9 na 5. Nauli na gharama za matembezi ameziweka mbali. Basi alipoiuliza hoteli, akapewa bei nne za chumba kile kile, na karani akamwambia kwamba kulipa chakula mbele ni kuokoa fedha. Bibi yake angependa chakula kilipwe chote, kwa kuwa amechoka na jiko. Naye mwandishi yuko tayari kuichukua bei ya nne, kubwa kuliko zote, na kitakachopungua akitoe katika karo ya Januari, kisha akirudishe. Anauliza: je, ni kweli kwamba ataokoa?

Kwanza tueleze maneno, kwani mtu hawezi kununua kitu asichokijua. Bei ya kwanza ni chumba na chai ya asubuhi tu. Ya pili huitwa hafubodi, yaani chai ya asubuhi na chakula cha usiku. Ya tatu ni fulubodi, nayo huongeza chakula cha mchana. Ya nne ni ile ya kila kitu ndani, ambayo huongeza vinywaji na vitafunio vya mchana kutwa. Bei alizopewa kwa usiku mmoja, kwa watu wote watano, ni hizi: 14,000, 20,000, 24,500, na 33,000. Bei za hoteli hupanda na kushuka kwa msimu, basi msomaji azitazame hizi kama mfano, aweke zake mahali pake.

Sasa tutoe moja katika nyingine. Baina ya bei ya kwanza na ya pili pana 6,000: hiyo ndiyo bei ya chakula cha usiku, shilingi 1,200 kwa kila kichwa. Baina ya pili na ya tatu pana 4,500: hiyo ndiyo bei ya chakula cha mchana. Baina ya tatu na ya nne pana 8,500: hiyo ndiyo bei ya vinywaji na vitafunio. Mtu asipozitenga bei hivi, huona fungu moja kubwa tu, wala hajui anunuacho.

Karani alimwonyesha ndugu yetu kwamba chakula cha usiku kikinunuliwa papo kwa papo kwa bei ya menyu, ni 2,500 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto. Watu watano watalipa 8,750. Kwa kuwa akilipa mbele atatoa 6,000, ameokoa 2,750 kila usiku. Hesabu hii haina uwongo ndani yake. Lakini mizani iliyotumiwa ni mizani ya muuzaji. Imepima bei ya hoteli kwa bei nyingine ya hoteli ile ile. Nasi twamuuliza ndugu yetu: ungelikuwa hukulipa mbele, ungelikwenda kweli kula kwa 8,750 kila usiku? Mtu wa akiba ya miaka miwili hali hivyo. Angelitoka akaenda Ukunda, ambao ni mji karibu na Diani, wenyeji wake wengi ni Waislamu, na chakula cha halali hapo hakitafutwi kwa taa. Yeye mwenyewe ametuandikia kwamba pilau, kuku na chapati kwa watu wake ni kama 2,800, na tuktuk kwenda na kurudi 600. Jumla 3,400. Basi ukipima kwa mizani ya nyumba yako, hafubodi haikuokoi 2,750 bali inakuzidishia 2,600 kila usiku, na kwa siku tano ni 13,000.

Hili ndilo tulitakalo likae katika nyoyo za wasomaji: akiba ya kweli hupimwa kwa kile ambacho ungelikitumia wewe, si kwa kile ambacho muuzaji angelikutoza.

Tuje katika chakula cha mchana, na hapo khasara ni kubwa zaidi. Fulubodi ya siku tano ni vyakula vitano vya mchana. Treni itokayo Nairobi asubuhi hufika Miritini baada ya adhuhuri, nao watafika hotelini jioni. Kwa hivyo hesabu yao itaanza na chakula cha usiku, na itakwisha na cha mchana siku ya kuondoka. Lakini siku hiyo watatoka mapema kuiwahi treni ya alasiri, na chakula kitabaki mezani. Siku moja wamekusudia kwenda Shimoni kupanda chombo kwenda Kisite na Wasini, na katika safari waliyoipatana chakula cha mchana kimo, huliwa hapo kisiwani. Siku nyingine watavuka Likoni kwenda Mombasa kuwaonyesha watoto Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na mitaa ya Mji wa Kale. Hapo pia hawatarudi kula. Basi katika vyakula vitano watakula viwili. Wamelipa 22,500 kwa vyakula viwili, yaani 11,250 kwa kila kimoja! Hakuna mtu ambaye angekubali kununua wali kwa bei hiyo kama angeambiwa waziwazi.

Sisi wenyewe tuliingia mtego huu mwaka 2019, nasi hatuoni haya kuusimulia. Tulikwenda na jamaa zetu katika hoteli moja ya pwani tukalipa fulubodi. Siku ya pili wajukuu walitaka kwenda kumwona shangazi yao aliyekuwa karibu na hapo, nasi tukawazuia, maana "chakula kimekwisha lipwa". Siku ya tatu tulikula bafe hata tukashindwa kusimama vizuri kwa sala ya adhuhuri, na mtoto mmoja akashinda akitapika. Tulidhani twarudisha fedha zetu. Fedha iliyokwisha toka haimrudii mtu kwa kula zaidi. Alichokipata ni ugonjwa juu ya gharama. Na aya ya 31 ya Suratul A'raf, iliyotuhalalishia kula na kunywa, papo hapo imetukataza israfu. Jambo la kutuhuzunisha zaidi ni lile la shangazi, kwa kuwa tulikata ziara ya jamaa kwa ajili ya sahani.

Wako wanaouliza kama yajuzu kulipa bei moja kwa chakula ambacho kiasi chake hakijulikani. Imam Nawawi ametaja makubaliano ya wanazuoni kwamba yafaa kuingia hamamu kwa ujira, ingawa watu hutafautiana katika maji wanayotumia na muda wanaokaa. Wanazuoni wengi wa siku hizi wamelipima bafe kwa mfano huo. Basi tatizo letu si kujuzu kwake. Tatizo ni hesabu na kiasi.

Lakini bei ya nne ina jambo la kutazamwa kwa makini. Ile 8,500 ya kila usiku ni ya vinywaji, na sehemu kubwa ya gharama ya vinywaji katika mpango kama huo ni pombe. Hoteli hupiga bei ya wastani: anywaye sana hubebwa na asiyekunywa. Nyumba ya Kiislamu, ambayo mahitaji yake ni maji, soda na maji ya matunda, ndiyo mbebaji. Kwa siku tano ni 42,500, na ndugu yetu anakisia kwamba maji, soda na madafu ya watoto hayazidi 1,000 kwa siku. Hukumu ya kulipia fungu ambalo pombe imo ndani yake waulizwe wanazuoni. Lakini hata kwa hesabu tupu hatuoni sababu ya Muislamu kulinunua. Aulize kama hoteli inao mpango wa vinywaji visivyo pombe, na bei yake ni kiasi gani.

Hebu sasa tujumlishe njia zote nne kwa siku tano, pamoja na vyakula watakavyonunua nje: cha mchana Ukunda 2,600 kwa siku mbili, Mombasa 2,000, vya kufunga vya siku ya kuondoka 1,500, na vinywaji 5,000. Njia ya kwanza ni 100,700. Ya pili 113,700. Ya tatu 131,000. Ya nne, hata bila ya kuongeza kinywaji chochote, 168,500. Basi ndugu yetu akishika njia ya kwanza atabakiwa na 9,300. Akishika ya nne atatoa 58,500 katika karo ya mwanawe, naye bado ataambiwa ameokoa.

Lakini tusidhulumu. Uko wakati ambao kulipa mbele ni bora. Hoteli ikiwa mbali na mji, ukala kwake hutaki usitake, lipa mbele. Ukiwa na wazee wasioweza kutoka usiku, au mtoto mchanga, lipa mbele. Ukiwa na vijana wanaokula kila saa, wala hamtoki getini, huenda ukafaidi. Na iko hoteli ambayo haiwatozi chakula watoto wadogo. Kama hoteli ya ndugu yetu ingewasamehe wale wawili wa miaka 9 na 5, chakula cha usiku kingekuwa 3,600, na Ukunda ni 3,400. Kwa shilingi 200 tungemwambia bila kusita: achukue hafubodi, asisumbuke na tuktuk za usiku.

Kwa hivyo kabla ya kutoa fedha, mtu aulize maneno haya, na jawabu aitake kwa maandishi. Hesabu yaanza na chakula gani na kumalizika na kipi? Mtoto wa umri gani halipi, na wa umri gani hulipa nusu? VAT ya asilimia 16 na ada ya utalii ya asilimia 2 zimo katika bei? Maji ya mezani yamo, au hulipwa mbali? Tukitoka kutwa, mtatufungia chakula tukiwaambia jana yake? Nyama yenu yachinjwa na nani? Na tukiugua au tukiondoka mapema, twarudishiwa nini?

Limebaki neno la mama wa nyumba, na hilo halifai kupuuzwa. Wako wanaume wanaokodi nyumba yenye jiko pwani ili wapunguze gharama, kisha mke hupika Diani kama apikavyo Nairobi, na wao huita hiyo mapumziko. Hiyo ni akiba ya mume kwa jasho la mke. Atakaye nyumba ya namna hiyo na aweke na ujira wa mpishi katika hesabu yake. Lakini bibi wa ndugu yetu ametaka apumzike na jiko, hakutaka fulubodi kwa jina lake. Na katika njia ya kwanza hatagusa chungu hata siku moja. Nasi twaongeza shauri: usiku wa mwisho wale hotelini kwa bei ya menyu, 8,750, kwa heshima yake. Kwa kuwa hawatakwenda Ukunda usiku huo, watakuwa wamezidisha 5,350 tu, na katika ile baki ya 9,300 bado watarudi nyumbani na 3,950. Karo ya Januari haikuguswa, mama amekaa mezani akaandaliwa, na watoto wameiona bahari.

Wabillahi tawfiq.