Jina Letu Liko Kwa Ukoo, Mbona Haliko Kwa Hatimiliki?

Ambia msee wa Uthiru afikirie malkia wa karne za kale, atakuletea mzungu juu ya farasi, ngome nyuma yake, nywele hadi kiunoni. Netflix imetufunza hivyo. Na ile Mombasa tunaenda Disemba kupiga picha, wenyeji wake husimulia kwamba mji wa kwanza pale kisiwani, Kongowea, ulikuwa wa malkia. Aliitwa Mwana Mkisi.

Skiza hii. Masimulizi hayamtaji kama mke wa fulani. Yanamtaji kama mwenye mji. Waswahili wa Mombasa wana mataifa yao 12, Thenashara Taifa, na baadhi ya koo kongwe humo bado zinahesabu asili yao hadi kwake. Yaani mtu anapanda ngazi ya mababu, anafika juu kabisa, anapata mama.

Halafu akaja Shehe Mvita. Utawala ukatoka kwa ukoo wa Mkisi, na jina jipya likashika. Leo Mvita ni eneobunge, na Kiswahili cha pale ni Kimvita. Kongowea nayo ilivuka maji, sasa tunaijua kama soko kubwa kule bara. Mama alibaki kwa hadithi, mwanamume akabaki kwa ramani.

Unauliza hiyo inatuhusu nini sisi wa huku Waiyaki Way? Inatuhusu sana. Koo za Agĩkũyũ zimeitwa kwa majina ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi. Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, wote wako. Kila mzee hujivunia hiyo stori. Lakini leta shamba la guka ligawanywe, uone.

Nimekaa kwa kikao kama hicho. Mzee aliyetuanzia na hadithi ya mabinti tisa kamili ndiye huyo huyo aliyemwambia mamangu, "Wewe una kwenu kule ulikoolewa." Vijana wakapimiwa ploti. Mama akapimiwa chai.

Wengine husema binti akirithi, ardhi inaenda kwa ukoo mwingine. Haya, tembea Uthiru jioni moja uhesabu flati. Nyingi ziko kwa mashamba yaliyouzwa, na walioyauza wengi ni wavulana waliorithi. Hapo hakuna mtu alilia ukoo. Ardhi ikitoka kwa mkono wa kijana ni biashara, ikienda kwa dada yake ni laana?

Na sheria haijanyamaza. Sheria ya Urithi, inayotumika tangu 1981, inasema watoto, haisemi wavulana. Mwaka 2005, kwa kesi ya Rono dhidi ya Rono, mabinti walikuwa wamepewa kidogo kuliko kaka zao kwa sababu eti wataolewa. Mahakama ya Rufaa ilikataa, ikawagawia sawa. Halafu Katiba ya 2010, Kifungu cha 60, ikaongeza kwamba mila za ardhi zinazobagua wanawake ziondolewe.

Kwa hivyo shida yetu si sheria. Shida ni kwamba tumezoea kusifiwa. Tunaitwa mama wa taifa, nguzo ya boma, malkia, na tunashukuru. Kukumbukwa ni poa, lakini kukumbukwa si kurithi. Muulize Mwana Mkisi.

Wasichana, sikilizeni vizuri. Mzazi akifariki, kuna barua ya chifu inayoorodhesha warithi, na ndiyo inaenda kortini. Majina yetu mengi hupotelea hapo. Omba uisome. Kama jina lako haliko, usitie sahihi karatasi yoyote ya kukubali mgao, hata anko akikuita binti mzuri. Na kama wewe ni kaka, usingoje dada yako apigane peke yake. Fungua mdomo kwa kikao, mbele ya wazee, kabla mpimaji hajafika.