Keshero: Chandarua kibaki kitandani, chambo kitengenezwe nyumbani

 

Leo siandiki juu ya bei ya makala wala foleni ya maji. Naandika juu ya vyandarua vinavyoingia ziwani. Kando ya maji, kutoka Kituku kuelekea Bulengo, watoto wanashika ncha mbili za chandarua, wanatembea nacho majini mpaka magotini, wanakivuta hadi mchangani. Ndani yake mnakuwa na vifaranga vya samaki ambavyo havijafikia hata urefu wa kidole. Jioni vinakaangwa, na watu wanasema afadhali hivyo kuliko kulala njaa.

Ninaelewa njaa. Lakini tuseme ukweli: chandarua hicho kinatuibia mara tatu. Kwanza, kinabeba samaki kabla hawajazaa, na mwaka ujao tutalalamika kwamba ziwa limekuwa maskini. Pili, vyandarua vingi tunavyogawiwa vimewekwa dawa ya kuua mbu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki. Tatu, na hili ndilo baya zaidi, mtoto aliyepaswa kulala chini ya chandarua hicho analala wazi. Samaki wa jioni wanalipwa na malaria ya wiki inayofuata, na dawa ya malaria haiuzwi kwa vifaranga.

Lakini kukataza peke yake hakutoshi. Ukimwambia mama mwenye watoto watano aache chandarua, mwonyeshe pia ashike nini. Pendekezo langu ni dogo na halina gharama kubwa: ndoano, nailoni, na chambo cha bandia ambacho kila nyumba ya Keshero inaweza kutengeneza kwa vitu vinavyotupwa.

Kwa nini chambo cha bandia, na si nyungunyungu kama kwingine? Jibu liko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya Goma imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Mwaka 2002 moto ulipita katikati ya mji, na tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena upande wa Buhene. Katika viwanja vingi hapa, ukipiga jembe mara moja linarudi na cheche. Udongo ni kidogo, na nyungunyungu ni wa kutafuta. Sambaza wa kutumia kama chambo naye ni chakula; nani atatundika mboga ya watoto kwenye ndoano? Chambo cha bandia hakiliwi wala hakiozi. Ukikitunza, utakitumia siku nyingi.

Wengine wanasema hiyo ni michezo ya Wazungu wenye boti za kifahari. Sikubali. Chambo cha bandia kinachojulikana zaidi duniani kilitoka mikononi mwa maskini. Huko Finlandi, mwaka 1936, mvuvi aitwaye Lauri Rapala alichonga samaki mdogo kwa kisu cha fundi viatu. Alitumia gome jepesi la mti, akalifunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti, kisha akayeyusha filamu za picha zilizotumika ili apate rangi ya kuzuia maji. Hakuwa na kiwanda. Alikuwa na macho tu: aliona kwamba samaki mkubwa humfuata yule mdogo anayeogelea vibaya, kama aliyejeruhiwa, akatengeneza kitu kinachoogelea hivyo. Leo jina lake liko kwenye maduka ya nchi nyingi.

Na sisi tuna mikono. Mji huu ndio mji wa chukudu. Kijana anayechonga chukudu kwa mti wa mkaratusi na kuibebesha magunia, atashindwa kuchonga samaki wa urefu wa kidole? Mkulima wa Masisi anayejua kutengeneza mpini wa jembe, kisu hakimshindi. Na wapo kati yetu ndugu waliotoka Vitshumbi, kwenye Ziwa Edward, ambao waliishi kwa uvuvi maisha yao yote. Hao wasiitwe wa kusaidiwa tu. Hao ni walimu.

Sasa nieleze namna ya kuanza, kwa urahisi.

Chambo cha kwanza ni cha manyoya. Tafuta ndoano ndogo; kumbuka kwamba kwenye ndoano za aina hiyo namba ikiwa kubwa, ndoano ni ndogo. Chukua unyoya mwembamba wa shingo ya jogoo, mweupe au mwekundu, na uzi wa kushonea au uzi uliochomolewa kwenye gunia la mchele. Bana ndoano kwa koleo, au kwenye kijiti kilichopasuliwa ncha. Zungushia uzi kwenye shina la ndoano, lalisha unyoya juu yake ncha ikielekea nyuma, zungushia tena mara nyingi ukikaza, funga mafundo mawili, kisha weka tone la gundi au rangi ya kucha isiyo na rangi kali. Acha ikauke. Majini unyoya unafunguka na kujifunga kama mdudu anayepumua. Hiki ndicho chambo cha kuanzia, kwa sababu ukikosea umepoteza unyoya tu.

Cha pili ni cha kizibo cha chupa, vile vinavyotapakaa nje ya kila nganda. Kinyooshe kidogo kingo zake kwa nyundo, kikunje katikati kama sambusa, tia ndani vijiwe viwili, kisha kibane. Toboa tundu kila upande kwa msumari. Upande mmoja funga nailoni, upande wa pili funga ndoano kwa kipande cha waya. Ukikivuta kinayumba, kinang'aa, na vile vijiwe vinalia. Piga kingo kwa nyundo hadi zisikate vidole.

Cha tatu ni cha sandali ya plastiki iliyokatika. Kata kipande cha umbo la samaki, kisizidi kidole kidogo. Kipasue tumboni, ingiza shina la ndoano, gundisha. Kinaelea juu, ukitaka kishuke, funga ekru ndogo mbele yake. Mti uje mwisho, mkono ukishazoea. Ukichonga mti, uupake mshumaa ulioyeyushwa ili usinywe maji.

Kabla ya kwenda ziwani, jaribu kila chambo katika beseni. Kikizunguka ovyo, au kikilala upande, rekebisha nyumbani. Majini usikivute kwa haraka. Vuta kidogo, acha, vuta tena. Mara nyingi samaki anashika pale kinapotulia.

Neno moja kali hapa: msiyeyushe risasi ya betri kwa ajili ya kutengeneza uzito. Najua inayeyuka upesi kwenye jiko. Moshi wake na vumbi lake vinaingia katika damu ya watoto na kuharibu akili zao, na madhara hayo hayatoki. Jiwe lililofungwa vizuri au ekru ya gari vinatosha. Na kwa ndoano za watoto, bana kile kijino cha nyuma kwa koleo. Ikiingia kidoleni itatoka bila kupasua.

Tusidanganyane juu ya mavuno. Kivu si Tanganyika. Ziwa letu lina kina cha mita 485, lakini chini ya mita kama 60 hakuna hewa ya kutosha kwa samaki. Kuna gesi tu. Samaki wako juu na kandokando. Sambaza, ambaye ndiye mboga ya mji huu, anavuliwa usiku kwa trimara, taa na nyavu. Mtu wa ndoano hatashindana na hao. Ndoano yako ndogo itakupa samaki wadogo wa jamii ya tilapia wanaokaa kati ya mawe na kula wadudu. Tilapia mkubwa hupenda majani na vijidudu vya majini kuliko chambo cha kung'aa, na kambale anafuata harufu. Kwa hiyo kuna siku utarudi na samaki watano, na kuna siku utarudi na hadithi. Lakini watano hao ni wa kwako, hawakuvuliwa kwa chandarua cha mtoto, na vifaranga vimebaki vikue.

Nataka pia kusema juu ya usalama, kwa sababu sitaki mtu afe kwa ajili ya makala yangu. Wageni wengi hawajui mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kukaa kwenye mashimo na mabonde, hasa upande wa Bulengo, Lac Vert na hapa kwetu Keshero. Haionekani. Ni mbaya zaidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Mtoto, kwa kuwa ni mfupi, anaivuta kabla ya mkubwa. Ukiona ndege au panya wamekufa kwenye shimo, usishuke. Ukisikia kizunguzungu, panda juu haraka. Mwenzako akianguka, usimfuate shimoni peke yako, ita watu. Kwa sababu hiyo nasema: vueni jua likishatoka, mahali palipo wazi, na watoto wawe na mtu mzima. Wala msipande pirogi bila jile kwa kutaka kufika mbali. Tunakumbuka tarehe 3 Oktoba 2024, meli Merdi iliyotoka Minova ilivyozama mbele ya macho yetu ikikaribia Kituku. Ndoano ni ya kuvulia ukiwa umesimama nchi kavu.

Najua hoja nyingine inayosemwa vikaoni: wakimbizi wakifundishwa kuvua, watajaza ziwa na wenyeji watakosa. Naijibu hivi. Sambaza mwenyewe ni mgeni. Hakuwamo Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na leo hakuna mwenyeji wa Goma anayemwita mkimbizi. Na hao watu tayari wako ziwani, wakiwa na vyandarua. Swali si kama watavua au hawatavua. Wanavua. Swali ni wavue kwa kitu gani. Ndoano moja inachukua samaki mmoja kwa wakati; chandarua kinachukua ukoo mzima.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa penye mawe jembe halina kazi. Ndugu zetu wengi wamekuwa wageni zaidi ya siku tatu. Kambi za Bulengo na Lushagala zilibomolewa mwanzoni mwa 2025, wengine walirudi walikotoka, wengine wamebaki kwa jamaa na kwenye vyumba vya kupanga. Tangu benki zilipofunga milango Januari mwaka huo, hata mwenyeji aliyewapokea amekuwa na mfuko mwepesi. Jembe la Keshero liwe ndoano.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu, na ninayaomba waziwazi.

Kwa mashirika ya kiutu: mnapogawa sabuni na vyandarua, ongezeni ndoano chache na nailoni kwa kila familia iliyo karibu na ziwa. Ni kitu chepesi kuliko gunia la unga, na hakiishi kwa wiki moja.

Kwa mashefu wa kartie na nyumbakumi: chandarua kinapoonekana ziwani, msianze kwa faini wala kwa kuchukua rushwa. Anzeni kwa kuuliza nyumba hiyo ina vitanda vingapi na vyandarua vingapi. Kisha waiteni wavuvi wetu wa zamani waonyeshe njia nyingine, Jumamosi moja asubuhi, kwenye uwanja wowote. Kwa wavuvi wenyewe: waambieni wageni ni wapi samaki wanazalia, na ni siku zipi ziwa linapaswa kupumzika. Siri hiyo mkiificha, mnajiumiza wenyewe.

Kwa wamama na wababa wa nyumba zetu, wenyeji na wageni: jioni hii kusanyeni vizibo, manyoya na sandali zilizokatika. Kaeni na watoto mtengeneze vitatu. Mtoto ambaye masomo yake yamekatika kwa vita atajifunza kupima, kukata, kufunga fundo na kusubiri. Vipande vya nailoni vilivyokatika msivitupe kando ya maji. Vinakata miguu na kunasa ndege. Vileteni nyumbani.

Na usiku, kabla ya kuzima taa, angalieni chandarua kiko wapi. Kama kiko juu ya mtoto, kiko mahali pake.