Mwachie Mwenzio Kibodi

Wapo wakubwa wa ofisi ambao wakiona waandishi wawili wa programu mbele ya kompyuta moja hukunja uso: eti mishahara miwili, kazi moja! Nawabishia. Katika jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, mwaka 1999, saa za wawili zilipojumlishwa zilizidi za mtu mmoja kwa kama asilimia 15 tu, na programu zao zilikuwa na makosa machache zaidi.

Lakini ugomvi wangu hasa ni na sisi mafundi wazoefu, tunaokumbatia kibodi kutwa huku mwenzetu amekaa pembeni kama abiria. Hapo hakuna wawili. Nayasema haya kwa sababu niliyatenda. Nilikuwa nikiandika programu ya mishahara, ubavuni kwangu kijana mgeni kazini. Aliona nimetoa makato ya mkopo mara mbili. "Samahani kaka, hapo..." Nikamkata: "Subiri, nimalize." Hakurudia tena. Mwisho wa mwezi wenye mikopo walipokea mishahara pungufu. Mhudumu mmoja alikuja na hati yake mkononi, akauliza kama ameadhibiwa.

Nilimwuliza kijana kwa nini alinyamaza. Akainama. "Kaka, ulikuwa na haraka."

Sasa aliye mgeni ndiye ashikaye kibodi. Mimi nasoma, nauliza, nanyamaza. Na kunyamaza huko, jamani, ndiko kunakonitoa jasho.